Basi la Kijiji na Mizani ya Halmashauri

Kila hazina ya Uingereza inapobana mkono, na amri ya kupunguza matumizi ikateremka kutoka London hadi kwenye halmashauri za kaunti, makarani hufungua madaftari kutafuta yale ambayo sheria haikuyafanya kuwa ya lazima. Na katika kutafuta huko hawakawii kulifikia basi la kijiji, lile lipitalo mara mbili au tatu kwa siku, au mara moja kwa juma, likiwa na viti vitupu vingi kuliko vilivyokaliwa, na ambalo mwenyewe asingeliendesha hata siku moja lau si ruzuku anayolipwa na halmashauri. Hapo hutolewa tangazo kwamba huduma za mabasi ya mashambani zitapitiwa upya, na wananchi wanakaribishwa kutoa maoni yao kabla ya tarehe fulani. Wenye magari aghalabu hawalisomi tangazo hilo. Wasio na magari hulisoma kwa fadhaa, maana wamejua kwa mazoea kwamba mapitio ya namna hii mara nyingi huanza kwa maneno ya matumaini na kuishia kwa kituo ambacho hakuna gari linalosimama tena.

Msomaji wa Tanga, Lamu au Kigoma huenda akastaajabu kuambiwa kwamba katika nchi iliyoanzisha reli za mvuke, na ambayo lami yake hufika hadi kwenye milango ya mashamba, yuko mtu asiyeweza kufika kwa daktari. Lakini yuko, wala si mmoja. Kijiji cha Kiingereza cha leo, hasa katika kaunti za pembeni kama Cumbria, Lincolnshire, Shropshire na Devon, kinapendeza kwa macho, lakini duka lake mara nyingi limefungwa, posta imehamia mjini, benki imegeuzwa nyumba ya kuishi, na zahanati iko katika mji wa soko, maili nane au kumi kutoka hapo. Maisha ya mahali kama hapo yamesimamishwa juu ya dhana kwamba kila mtu anaendesha gari, na kwa walio wengi dhana hiyo ni kweli. Walakini kijana hapewi leseni ya gari kabla ya kutimiza miaka 17, na mzee, ambaye leseni yake hukoma afikapo miaka 70 na ikambidi kuihuisha kila baada ya miaka mitatu, siku moja huambiwa na daktari wa macho kwamba usukani sasa auache. Mjane aliyezoea kuendeshwa na marehemu mumewe kwa miaka arobaini hujikuta, matanga yakiisha, ana gari uani ambalo hakuwahi kujifunza kuliendesha. Na yuko mpishi wa hotelini, na msichana mwenye kulea wazee katika nyumba za matunzo, ambao ujira wao hautoshi gari, bima na mafuta kwa pamoja. Hao ndio abiria wa basi la kijiji, na hao ndio ambao mapitio huketi kuwahesabu.

Mambo hayakuwa hivi tangu asili. Katika miaka ya mwanzo baada ya Vita Kuu ya Pili mabasi ya mashambani yalijaa watu, na pale yasipojaa, faida ya njia nono za mijini ilifidia hasara ya njia nyembamba za vijijini, bila ya yeyote kuona haja ya kupiga hesabu ya kila njia peke yake. Kisha magari ya watu binafsi yakaenea, na televisheni ikawakalisha nyumbani wale waliokuwa wakienda mjini jioni kutazama sinema, na fidia ile ikaanza kukauka. Mwaka 1959 serikali iliunda kamati chini ya Profesa D. T. Jack kulichungua jambo hili. Nayo, katika taarifa yake ya mwaka 1961, ilikiri kwamba basi la mashambani haliwezi kudumu pasipo msaada wa fedha za umma. Ushauri huo ulilazwa. Miaka miwili baadaye Dakta Richard Beeching akatoa taarifa yake mashuhuri juu ya reli, iliyopendekeza kufungwa kwa vituo vya treni zaidi ya 2,000, na watu wa vijijini wakaahidiwa mabasi mahali pa treni. Lakini mengi ya mabasi hayo hayakudumu, na kijiji kilichokuwa na treni kikabaki hakina treni wala basi. Ni kwa sheria ya usafiri ya mwaka 1968, ambayo mswada wake ulitayarishwa na Waziri Barbara Castle, ndipo halmashauri zilipopewa mamlaka ya kulipia mabasi ya mashambani, na Januari ya mwaka uliofuata likazaliwa Shirika la Taifa la Mabasi.

Yaliyojengwa hapo yalidumu chini ya miaka ishirini. Serikali ya Bi Margaret Thatcher, kwa mkono wa Waziri Nicholas Ridley, ilipitisha sheria ya mwaka 1985, nayo ilipoanza kutenda kazi tarehe 26 Oktoba 1986 iliufungua usafiri wa mabasi nje ya London uwe biashara huru: kila mwenye basi na leseni aweza kusajili njia aipendayo, kwa saa azipendazo na nauli aitakayo, na kuiacha akiona haimlipi, mradi atoe ilani. London yenyewe haikuguswa na uhuru huo, na watu wa mashambani hawajaacha kuuliza sababu. Halmashauri ya kaunti iliambiwa itazame ni mahitaji gani ambayo wafanyabiashara wameyaacha, kisha iitishe zabuni na kumlipa yule atakayeyatimiza kwa bei nafuu. Haki isemwe: zabuni zilishusha gharama mwanzoni, na zilizuka kampuni ndogo za ukoo zilizoijua kila kona ya bonde lao. Lakini tendo moja la sheria ile lilikata mshipa. Katika ushindani huo, faida ya njia nono haikuweza tena kuilisha njia nyembamba. Njia nyembamba ilisimamishwa peke yake mbele ya mizani, ikaambiwa ijieleze kwa nini iishi.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo, ambacho mwanachuoni wa pwani angekieleza kwa maneno mawili tu. Katika mambo matatu yahusuyo safari za kijiji, sheria ya Uingereza imeyafanya mawili kuwa faradhi na la tatu ikaliacha sunna. Faradhi ya kwanza ni mtoto wa shule: aliye chini ya miaka minane akiishi zaidi ya maili mbili kutoka katika shule inayomfaa, au mkubwa kuliko huyo akiishi zaidi ya maili tatu, halmashauri imewajibika kumsafirisha bure. Faradhi ya pili ni kadi ya mzee: tangu tarehe 1 Aprili 2008, kila mkazi wa England aliyefika umri wa pensheni, pamoja na watu wenye ulemavu, hupewa kadi yenye alama ya waridi jekundu, nayo humpandisha bure basi lolote la mahali popote nchini humo, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku katika siku za kazi, na saa zote katika Jumamosi na Jumapili. Lakini basi lenyewe, ambalo kadi ile itaonyeshwa mlangoni mwake, ni sunna. Halmashauri imeamrishwa itafakari kama linahitajika. Kiasi cha kulipa, hata kikiwa si chochote, kimeachwa kwa hiari yake. Na kila aliyefilisika hulipa faradhi kwanza.

Ndiyo sababu mzee aweza kuwa na haki isiyo na mahali pa kuitumia. Ana kadi katika mkoba wake, imetolewa na halmashauri ile ile iliyolifuta basi, na picha yake imo juu yake. Sheria haikuvunjwa mahali popote. Hata pale basi lilipobaki, saa zake zaweza kuibatilisha kadi: kijiji chenye basi moja tu la asubuhi, lipitalo saa tatu na dakika kumi, hakina safari ya bure ya kwenda mjini, isipokuwa halmashauri yake itoe kwa hiari nafasi ya zile dakika ishirini. Mimi sioni namna ya kuiita hii huruma. Sheria imempa mtu maji kisha ikaacha kisima kiwe cha hiari.

Kwetu Tanzania yako yanayofanana na hayo kwa upande mwingine. Mwanafunzi amepangiwa nauli pungufu na mamlaka ya usafiri, lakini upungufu ule haurudishwi na mtu yeyote kwa mwenye daladala. Basi konda, ambaye jioni atadaiwa hesabu kamili na tajiri wake, humzuia mtoto mlangoni na kumwita mtu mzima aliye nyuma yake. Waingereza walilitambua kosa hili mapema, na sheria yao inataka mwenye basi afidiwe kwa kila mwenye kadi kiasi cha kutomnufaisha wala kumtia hasarani. Fomula ya fidia hiyo huleta ugomvi usiokwisha, kwa maana kiasi kinachorudishwa ni kidogo kuliko nauli kamili, na katika njia ambayo karibu kila abiria ni mzee mwenye kadi, mwenye basi hudai kwamba anakula hasara kwa jina la ukarimu wa wengine. Nchi moja ilitoa nafuu bila ya fidia, nyingine ikatoa fidia bila ya basi. Na katika zote mbili anayeachwa kando ya barabara ni yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Sasa tuingie ofisini tuone mapitio yanavyofanywa, maana katika ufundi wa kuhesabu ndimo hukumu ilimojificha. Mzee akiweka kadi yake juu ya mashine iliyo kando ya dereva, mashine hulia, ikaandika kituo, saa na aina ya abiria. Mwisho wa mwezi maandishi hayo hukusanywa, na karani hutengeneza jedwali lenye namba ya njia, gharama ya mkataba, mapato ya nauli, na idadi ya safari za abiria. Kisha gharama inayobaki hugawanywa kwa idadi ile, ikapatikana ruzuku ya kila safari. Njia hupangwa kuanzia ile yenye ruzuku kubwa hadi yenye ndogo, mstari hupigwa mahali fulani, na zilizo juu ya mstari huaga. Ni kazi safi, nyepesi kuieleza mbele ya madiwani, na inaonekana kuwa ya insafu kwa kuwa imetenda sawa kwa wote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Basi la Jumanne linagharimu pauni 120 kwa siku nzima, na limebeba safari nane zenye kulipiwa na halmashauri; ruzuku ya kila safari ni pauni 15, ilhali njia ya viungani mwa mji inachukua pauni mbili tu. Jedwali limekwisha kusema. Lakini jedwali halikuuliza katika safari zile nane ni ipi ya mtu aliyekwenda kumwona mkewe katika nyumba ya matunzo, ambaye hana siku nyingine ya kumwona. Ni ipi ya kununua chakula cha juma zima. Ni ipi ya kwenda kupimwa sukari, na kama isingekuwapo, muuguzi angetumwa kijijini kwa gari la hospitali kwa gharama ya daftari lingine la serikali hiyo hiyo. Wala halikuuliza juu ya mtoto wa shule ambaye basi likifutwa itabidi halmashauri imkodishie teksi, kwa sababu yeye ni faradhi: fedha zilizookolewa katika ukurasa wa usafiri zitatoka katika ukurasa wa elimu, na anayehesabu ukurasa mmoja atapongezwa kwa uangalifu wake.

Kuna taksiri nyingine katika mizani hii, nayo ni kwamba hulipima basi baada ya kulidhoofisha. Aghalabu njia haifutwi yote kwa mara moja. Huanza kuondolewa basi la Jumapili, kisha la jioni, kwa hoja kwamba hayana watu, na hoja yenyewe ni sahihi. Lakini mfanyakazi wa dukani atokaye kazini saa kumi na mbili, akishakosa basi la kumrudisha, hana tena haja ya lile la asubuhi la kumpeleka. Atatafuta gari la mkopo, au ataacha kazi, au atahama. Mapitio yajayo yatakuta basi la asubuhi limepungukiwa na abiria, na karani, ambaye huenda ni mpya na hajui yaliyotangulia, ataandika kwa moyo safi kwamba mahitaji yameshuka. Msafiri hanunui kwenda peke yake. Hununua kwenda na kurudi, na anayeondoa kurudi ameondoa yote mawili. Hata mbao za ratiba kituoni humfukuza abiria: karatasi nyuma ya kioo chenye ukungu, saa zimepangwa safu kwa safu, na juu ya kila safu herufi ndogo zenye kumaanisha kwamba basi hili ni la siku za shule tu, hili ni la siku zisizo za shule, na hili ni la Jumanne na Alhamisi. Bibi asiyeona vizuri, akikosea herufi moja, atasimama hapo mpaka magharibi.

Katika miaka ya baada ya 2010, bajeti za serikali za mitaa zilipokatwa vikali, mapitio haya yaliandamana kaunti hata kaunti, na masafa ya mabasi yaliyolipiwa na halmashauri nje ya London yalipungua katika mwongo huo kwa takriban nusu. Kaunti ya Cumbria, yenye milima na maziwa ambayo wageni husafiri kutoka pande zote za dunia kuyaona, iliondoa ruzuku yake yote mwaka 2014. Oxfordshire, yenye chuo kikuu cha kale na vijiji vya mawe ya rangi ya asali, ilifanya vivyo hivyo Julai 2016. Katika kisa cha Oxfordshire kuna sura moja inayofaa kukumbukwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, alikuwa mbunge wa Witney katika kaunti hiyo hiyo, na Septemba 2015 alimwandikia barua kiongozi wa halmashauri, Ian Hudspeth, aliyekuwa wa chama chake mwenyewe, kumweleza masikitiko yake kwamba huduma zinazowagusa wananchi zinakatwa, na kumshauri atafute akiba katika uendeshaji wa ofisi. Kiongozi yule alimjibu kwa takwimu, akimwonyesha jinsi fedha zitokazo serikali kuu zilivyopungua. Barua zile zilifichuliwa na gazeti la huko Novemba ya mwaka huo, na taifa zima likasoma jinsi mwenye kuamuru kisu alivyohuzunika kuona kilipokata. Simlaumu mtu kwa kuhuzunika. Nasema tu kwamba yule anayeamua ukubwa wa mfuko London, na yule anayeamua basi lipi life katika kaunti, wamepangwa na sheria kila mmoja aweze kumwelekezea mwenzake kidole, na abiria hana mlango mmoja wa kubisha.

Katika Witney, baada ya kukatwa huko, wananchi waliunda chama cha usafiri cha jamii wakaziendesha wenyewe njia za mji. Jambo hili limetokea mahali pengi, na sheria ile ile ya 1985 imelitengea nafasi, kwa kuwa kifungu chake cha 22 kinavipa vyama visivyotafuta faida kibali cha kuendesha mabasi ya umma. Mfano niupendao zaidi uko Hawes, mji mdogo wa soko juu kabisa ya bonde la Wensleydale katika Yorkshire ya Kaskazini, ambalo jina lake wengi hulijua kwa jibini. Treni za abiria kutoka upande wa mashariki zilikoma kufika Hawes mwaka 1954, na kile kipande kilichobaki cha kuiunganisha na stesheni ya Garsdale kikafungwa mwaka 1959. Jengo la stesheni leo ni makumbusho. Garsdale yenyewe imesalia, kwa sababu reli yake, ile ipandayo kutoka Settle hadi Carlisle, iliponea chupuchupu mwaka 1989 baada ya wananchi kuipigania kwa miaka. Lakini stesheni hiyo iko juu ya nyika yenye upepo, maili kadhaa kutoka mjini, na abiria ashukaye hapo bila ya mtu wa kumpokea ana matembezi marefu mbele yake.

Tangu mwaka 2011 hupokewa na basi dogo jeupe, nalo huitwa hivyo hivyo, Little White Bus, linaloendeshwa na chama cha jamii cha mabonde ya juu. Basi huja stesheni kuilaki treni, na saa zake zimepangwa kwa kutazama ratiba ya reli. Siku ya Jumanne, ambayo ndiyo siku ya soko la Hawes, watu wa mashamba ya juu huteremka nalo wakiwa na vikapu vyao. Wengi wa madereva ni watu wa kujitolea, wastaafu waliokuwa walimu, wakulima au makarani, na humjua abiria kwa jina na kwa lango lake. Na chama hicho hakikuishia katika basi: posta ya Hawes iko mikononi mwake, na maktaba, na hata kituo cha mafuta kilipotaka kufungwa kilichukuliwa kisizimike. Ukitaka kujua kwa nini basi hilo halikufa, tazama hapo. Halikuachwa lijitegemee peke yake. Limefungwa pamoja na mambo mengine ambayo kijiji kinayahitaji, na gharama ya ofisi, ya simu na ya karani huenea juu ya yote.

Hata hivyo ni wajibu kumwonya anayesikia habari hizi akafurahi upesi, kwa maana katika mapitio mengi siku hizi kujitolea kumekuwa jibu jepesi la madiwani: tunaondoa ruzuku, na jamii itajaza pengo. Kujitolea hakununui dizeli wala bima. Vyama kama kile cha Hawes navyo hupokea fedha za umma, kwa mikataba na kwa fidia za kadi za wazee, na pasipo hizo visingedumu. Tena liko tatizo la watu wenyewe. Aliyefaulu mtihani wa gari nchini Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1997 hapati papo hapo, kama walivyopata waliomtangulia, ruhusa ya daraja la basi dogo. Kwa hiyo wenye leseni kamili ya kuliendesha wanazeeka kila mwaka, na wafikapo miaka 70 hupaswa kuthibitishwa afya zao upya. Na mahali panapohitaji basi zaidi, penye wazee wengi na vijana wachache, ndipo penye madereva wachache wa kujitolea. Anayelikabidhi basi kwa hisani amevipa vijiji vyenye bahati na kuvinyima visivyo nayo.

Wengine husifu basi la kuitwa kwa simu, lisilofuata njia moja bali huzunguka kuwachukua walioomba, kama lile la CallConnect la Lincolnshire, kaunti tambarare yenye vijiji vilivyotawanyika. Ni msaada wa kweli mahali ambapo hakuna njia moja inayoweza kupita pote. Lakini mtu mwenye miadi ya hospitali saa nne, akiomba nafasi na kuambiwa imejaa, hana cha kushika. Na basi la ratiba, hata likiwa moja kwa siku, halimwambii mtu kwamba limejaa maombi.

Uswisi walilianza jambo hili kutoka ncha nyingine. Mabasi yao ya manjano ya posta, yaliyoanza kazi mwaka 1906, huendeshwa chini ya kanuni kwamba makazi ya watu wasiopungua 100 wakaao hapo mwaka mzima yanastahili kufikiwa na usafiri wa umma unaosaidiwa na dola. Hesabu ya abiria huamua ukubwa wa basi na wingi wa safari, lakini haiamui kama kijiji kina haki ya kufikiwa, kwa kuwa swali hilo limekwisha kujibiwa kabla ya abiria wa kwanza kupanda. Uingereza iliwahi kuonja kitu kinachokaribia hicho. Mwaka 1967 gari la barua lilianza kubeba abiria kati ya Llanidloes na Llangurig katika Wales, na desturi hiyo ikaenea Uskochi na kwingineko, tarishi akikusanya barua na watu kwa safari moja. Kisha, njia baada ya njia, ikaachwa, hadi ile ya mwisho katika nyanda za juu za Uskochi ilipokoma mwaka 2017.

Miaka ya karibuni imeleta nuru kidogo. Serikali ilitoa mkakati wa mabasi mwaka 2021. Tangu tarehe 1 Januari 2023 nauli ya safari moja nchini England iliwekewa kikomo cha pauni mbili, kikapandishwa kuwa pauni tatu mwanzoni mwa 2025, na kijana wa kijijini aliyekuwa akilipa mara mbili au tatu ya kiasi hicho kwenda chuoni aliipata nafuu hiyo kwa furaha. Oxfordshire nayo ilirejea kuyalipia mabasi iliyokuwa imeyatupa. Na sheria mpya ya mwaka 2025 imezitaka mamlaka zilizoshirikiana na wenye mabasi ziorodheshe huduma zile ambazo jamii haiwezi kuzikosa, na ziweke utaratibu wa kufuatwa kabla huduma hizo hazijafutwa. Orodha ni jambo jema, lakini haikuambatana na amri ya kulipa. Nauli nafuu nayo ni mwenza wa kadi ya waridi: hufaa mahali ambapo basi lipo.

Kwa kuwa mapitio yataendelea, maadamu fedha ni chache na kulilipia basi bado ni sunna, yafaa basi yafanywe kwa insafu, na insafu hiyo haigharimu mengi. Abiria wasihesabiwe katika juma moja la Februari, wakati barafu imewafungia wazee ndani na shule zimefungwa. Wanaoulizwa wasiwe wale tu waliokutwa ndani ya basi, bali na wale walioacha kulipanda, waseme waliliacha mwaka gani na kwa sababu gani. Karatasi za maoni dereva azigawe kwa mkono wake, kwa kuwa bibi aliyekata tamaa na ratiba ya kituoni hatakwenda kuitafuta fomu katika kompyuta. Baraza la kusikiliza wananchi lisiitwe saa moja jioni katika ukumbi wa mji, saa ambayo hakuna basi la kuwaleta wenye kesi wala la kuwarudisha. Liitwe kijijini, mchana, baada ya basi kufika na kabla halijaondoka. Gharama itakayohamia kwenye teksi za shule na magari ya hospitali iandikwe katika ukurasa ule ule unaoonyesha akiba. Na kwa kila safari inayopendekezwa kufutwa, waraka uwaoneshe madiwani, kabla ya kupiga kura, ni kwa chombo gani na kwa saa ngapi kila aliyekuwa akiipanda atakwenda na atarudi. Na pale ambapo jibu ni kwamba hakuna chombo, iandikwe hivyo hivyo, hakuna, mbele ya jina la kijiji chake.